Mstari usioonekana majini: taifa, dola na mwenye neno la mwisho

*"Shikamoo mwalimu. Ninasoma hapa Mwanza ila kwetu ni Rorya, mkoani Mara. Baba yangu mdogo anavua sangara. Mwezi uliopita boti yake ilikamatwa na doria ya nchi jirani, akaambiwa ameingia kwao. Alilipa akaachiwa, lakini mashine na nyavu vimebaki huko. Yeye anasema alikuwa katikati ya ziwa, na katikati ya ziwa ni maji ya wote. Isitoshe, waliomkamata waliongea naye Kijaluo, na bibi yetu kazikwa upande huohuo. Nimejaribu kumweleza kwa niliyosoma darasani nikashindwa. Taifa, dola, nchi, serikali: vitabu vinanichanganya, na kwenye mtihani nilinyimwa maksi kwa kuandika 'taifa la Tanzania lina mipaka'. Kama Wajaluo ni watu wamoja, na mstari huu waliuchora Wazungu, kwa nini tuendelee kuuheshimu? Na tukiwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hayo mamlaka kamili yamebaki wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Mpe pole baba mdogo. Mashine ya boti si kitu ambacho mvuvi anakinunua tena kwa msimu mmoja.

Nikikusoma vizuri, swali la mtihani na hili la nyumbani ni swali moja. Unataka kujua ni nani aliyempa mtu mwenye bunduki haki ya kumwambia mwenye lugha yake, "hapa si kwenu." Mimi ni mwalimu wa sayansi ya siasa, si wakili, kwa hiyo nitakwenda mbali kwenye lile la kwanza, na mwishoni nitakuambia la pili limpeleke kwa nani.

Kabla ya vitabu, sikiliza tunavyoongea wenyewe. Polisi na jeshi tunawaita vyombo vya dola. Timu ya mpira tunaiita Taifa Stars, na sijamsikia mtu Kirumba akishangilia Dola Stars. Bei ikipanda tunailaumu serikali. Mvua ikikosekana tunasema nchi nzima imekauka. Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani: dola ndiyo yenye pingu na mihuri, taifa ndilo linaloshangiliwa na kuliliwa, serikali ni waliokalia viti kwa sasa, na nchi ni ardhi yenyewe tunayoikanyaga. (Dola ninayoisema si ile ya kubadilisha dukani, ingawa kila mwaka darasani yupo mmoja wa kunichekesha kwa hilo.)

Kinachotuvuruga ni jina moja kubwa: Umoja wa Mataifa. Wanachama wake 193 ni madola. Wakurdi wako mamilioni, wametapakaa Uturuki, Iraq, Iran na Syria, na wengi wao wanajiona taifa tangu zamani, lakini kiti hawana. Tuvalu, visiwa vyenye watu wapatao 11,000, inacho, na kura yake kwenye Baraza Kuu inahesabika sawa na ya India. Waliotupatia jina la Jumuiya ya Madola, ile ya nchi ambazo nyingi zilitawaliwa na Uingereza, walikuwa makini zaidi.

Dola inatambulikaje, basi? Kipimo kinachotumika sana kimetoka kwenye Mkataba wa Montevideo wa 1933, ambao madola ya Amerika yalitiana saini: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika mahusiano na madola mengine. Angalia kilichoachwa. Hakuna lugha moja pale, hakuna kabila moja, wala hakuna sharti la watu kupendana. Max Weber, msomi wa Kijerumani, aliitazama kwa jicho kali zaidi mwaka 1919: dola ni ile jamii ambayo, ndani ya eneo lake, inadai peke yake haki ya kutumia nguvu na dai hilo likakubalika. Walinzi waliomkamata baba yako mdogo wangelifanya lilelile bila sare na bila dola nyuma yao, tungewaita maharamia wa ziwani.

Serikali hupita na dola ikabaki. Idi Amin aliondolewa Aprili 1979, lakini Uganda haikuondoka naye. Mipaka ilikuwa ileile, na kiti cha New York kikakaliwa na wengine.

Taifa ni habari ya namna nyingine kabisa. Mfaransa Ernest Renan, akihutubia Paris mwaka 1882, alilieleza kama kura ya maoni inayopigwa kila siku: watu wanaokumbuka mambo fulani pamoja, wanaokubali kusahau mengine pamoja, na wanaotaka kuendelea kuishi pamoja. Mimi huongeza jambo moja ambalo wanafunzi hulisahau. Ili kundi liitwe taifa kwa maana ya kisiasa, halina budi kudai kujiamulia mambo yake. Ukubwa haulifanyi kuwa taifa, na lugha peke yake haitoshi. Ukisimama mwalo wa Kirumba siku dagaa wameanikwa na kufungwa kwenye magunia, utawasikia wafanyabiashara wa Kongo wakipatana bei kwa Kiswahili chao, "beko" na "bamama" zikiruka hewani, na watu wetu wakiwajibu bila mkalimani. Wanaelewana mpaka shilingi ya mwisho. Hakuna hata mmoja wao anayedhani kwa sababu hiyo ni taifa moja.

Ndiyo maana swali lako kuhusu Wajaluo lina majibu mawili. Kama watu wenye asili, lugha na undugu, ni wamoja, kuanzia Rorya hadi Kisumu, na wana jamaa zao kaskazini mwa Uganda hadi Sudan Kusini. Kama taifa linalodai dola yake, sijaona dai hilo likisimamishwa kwa uzito. Mjaluo wa Shirati anamlaumu mbunge wake wa Rorya, wa Muhuru, upande wa Kenya, anamlaumu wa kwao. Malalamiko yao yanaelekea miji mikuu tofauti, na kwa mtu wa fani yangu hiyo ni alama kubwa kuliko lugha.

Wasomali walikwenda njia nyingine. Nyota kwenye bendera yao ina ncha tano kwa ajili ya maeneo matano ya Wasomali, na mawili tu ndiyo yaliyoungana mwaka 1960. Walikuwa na sababu zote za kuwa taifa, lakini mwaka 1991 dola yao ikaporomoka. Mwaka huohuo Somaliland ikajitangaza, ikawa na serikali, fedha, polisi na chaguzi, na kwa zaidi ya miaka 30 ikakaa bila kutambuliwa na hata mwanachama mmoja wa Umoja wa Mataifa. Ukiweza kueleza kwa nini dola iliyoporomoka ilibaki na kiti huku inayofanya kazi ikikaa nje, umeielewa nusu ya mada yako.

Sisi tulianza na dola. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na bendera, bunge, na makabila zaidi ya mia moja ambayo mengi hayakuwa na sababu ya kujiona kitu kimoja isipokuwa kwamba yalitawaliwa na mkoloni mmoja. Taifa likaanza kutengenezwa baadaye, kwa makusudi. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria, na Jeshi la Kujenga Taifa likaanzishwa mwaka huohuo. Usilipite jina hilo haraka, maana kinachojengwa ni kitu ambacho bado hakijakamilika. Kiswahili kikashika shule na ofisi. Nenda Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya jiji, ukazione ngoma za watemi wa Kisukuma zilivyopangwa. Zamani ngoma hizo zilikuwa ndiyo utawala wenyewe: asiye nazo hakuwa mtemi. Leo unazitazama kama mgeni wa makumbusho, na mtu wa kabila kubwa kuliko yote nchini anatoka pale akijitambulisha kama Mtanzania bila kuona amepoteza kitu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na haikumuuliza hata mmoja kabila lake.

Sitakuficha kwamba kazi hiyo ilikuwa na bei. Shuleni nilikosoma mimi, aliyeteleza akaongea Kisukuma alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho hadi ampate mwingine aliyeteleza. Nilikivaa zaidi ya mara moja. Taifa nililipenda baadaye, kibao sijakipenda mpaka leo.

Kuhusu maksi zako: mwalimu wako yuko sahihi, mipaka ya ramani ni ya dola. Ila ningesahihisha mimi ningekupa nusu, kwa sababu hata sheria zetu hazikukusaidia. Katiba ya 1977 inasema, "Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano." Hapo neno nchi limebeba mzigo wa dola. Kisha Katiba ya Zanzibar, baada ya mabadiliko ya 2010, inaitaja Zanzibar kuwa miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri hiyo. Wanasiasa wamegombania neno hilo kwa miaka, kila mmoja akilivuta kwenye maana yake. Kwa kipimo cha nje jibu halina utata sana. Zanzibar ilikuwa dola yenye kiti Umoja wa Mataifa kati ya Desemba 1963 na Muungano wa Aprili 1964, na baada ya hapo kiti kikawa kimoja. Mwaka 1992 ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu na mwaka uliofuata ikajitoa. Mwaka 2017 shirikisho la mpira la Afrika, CAF, liliipa uanachama kamili mwezi Machi, likaufuta Julai kwa hoja kwamba si dola inayojitegemea. Kwamba Wazanzibari wanajiona watu wenye historia na hadhi yao ni jambo lingine, na hakuna kikao cha CAF kinachoweza kulifuta.

Sasa mamlaka. Neno lenyewe tumelichosha: tuna mamlaka ya maji, mamlaka ya mapato, mamlaka ya bandari. Kwa hiyo nitasema mamlaka kuu, kwa maana ya neno la mwisho. Lina nyuso mbili. Ndani ya dola ni swali la nani anayeamua na akiamua hakuna wa kukatiwa rufaa. Katiba ya Kenya ya 2010 inajibu kwenye ibara ya kwanza kabisa kwamba mamlaka hayo ni ya watu, na ya kwetu kwenye ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Nje, ni kwamba hakuna dola iliyo bosi wa nyingine. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba haya yote yalizaliwa Westphalia mwaka 1648. Usiandike hivyo. Mikataba ile ilimaliza vita vya miaka 30 huko Ulaya. Wazo la dola zilizo sawa lilikomaa polepole, na lilipokuwa likikomaa huko, huku kwetu lilikuwa linavunjwa kila siku.

Turudi majini, maana hapo ndipo baba yako mdogo alipokosea, na kosa lake ni la watu wengi sana. Baharini, dola ina maili 12 za maji yake, kisha eneo la kiuchumi hadi maili 200, na mbele ya hapo ni bahari kuu isiyo ya mtu. Sheria hiyo ni ya bahari. Ziwa lililozungukwa na madola kwa kawaida hugawanywa lote mpaka mistari ikutane, na Ziwa Victoria limegawanywa hivyo: karibu nusu Tanzania, sehemu kubwa inayofuata Uganda, Kenya asilimia kama 6. Hakuna hata tone la maji ya wote.

Mstari wetu wa kaskazini unatokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 na 1890. Ni nyuzi 1 kusini mwa Ikweta, umenyooka kama uzi wa fundi, umechorwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kunawa maji ya ziwa hili. Kwenu Rorya mstari huo uko karibu mno. Simu yoyote yenye ramani itakuonyesha namba ya kwanza ikianza na alama ya kutoa. Ikisoma -1.05 uko Tanzania. Ikisoma -0.98 umevuka kwa zaidi ya kilomita mbili, hata kama maji ni yaleyale, upepo uleule, na sangara wanapita chini ya boti yako bila pasi.

"Waliuchora Wazungu." Ni kweli. Lakini tazama walichofanya viongozi wetu, wakiwa huru, na mambo mawili waliyorithi kutoka kwa Mwingereza huyohuyo. La kwanza lilikuwa makubaliano ya 1929 kati ya Uingereza na Misri, yaliyotaka Misri ikubali kabla ya mradi wowote wa kupunguza maji ya Nile na maziwa yake. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliandika wazi kwamba hayaifungi. Leo maji ya ziwa yanapandishwa kutoka Ihelele, Misungwi, mpaka Kahama na Shinyanga. La pili ni mipaka. Hiyo, Kairo, Julai 1964, wakuu wa nchi huru za Afrika waliazimia kuiheshimu kama ilivyokuwa siku ya uhuru, Nyerere akiwa miongoni mwa waliolipigania azimio hilo. Somalia na Morocco zilikataa. Kwa hiyo mstari ulichorwa na mgeni, lakini ulithibitishwa na wenyeji, tena kwa macho yaliyo wazi. Waliona kwamba ukianza kuhamisha mstari mmoja kwa hoja ya undugu, kila jirani ana undugu wake wa kudai.

Na haikuchukua muda mrefu tukaona faida yake kwenye ngozi yetu. Mstari wa nyuzi 1 ukitoka ziwani kwenda magharibi haufuati Mto Kagera. Unaacha kipande cha Tanzania ng'ambo ya mto, upande wa Uganda. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalikiteka, naye akatangaza kuwa ni cha Uganda. Kwa macho, mto ni mpaka mzuri kuliko nambari kwenye karatasi, hata mtoto angeuchagua. Tungekuwa tumeshasema mistari ya wakoloni ni takataka, tungemjibu nini?

Kilichofuata ni kigumu zaidi, na huwa siwaachii wanafunzi wangu jibu jepesi. Jeshi letu halikuishia mpakani, liliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Katika mkutano wa wakuu wa Afrika huko Monrovia, Julai mwaka huo, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuivunja kanuni ileile ya Kairo. Mimi naamini kumwondoa Amin kulikuwa jambo jema kwa Waganda. Naamini pia waliolaumu walikuwa na hoja. Nimefundisha miaka mingi nikiyashika yote mawili.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haijafuta lolote kati ya haya. Mkataba wake uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 ni ahadi za madola, na mwanachama anaweza kujitoa. Dola inayojifunga kwa hiari haijapoteza neno la mwisho, imeahidi tu namna ya kulitumia. Kuna taasisi ya pamoja ya uvuvi, makao yake Jinja, inayolinganisha kanuni za nchi wanachama, lakini leseni ya kuvua bado hutolewa na kila dola kwa maji yake. Baba mdogo anaweza kupeleka samaki sokoni ng'ambo kwa kufuata taratibu. Kushusha nyavu huko kwa leseni ya Tanzania hawezi.

Sasa la mashine. Sitakupa tumaini la uongo: kama alikuwa kaskazini ya mstari bila leseni yao, hoja ya "maji ya wote" na hoja ya Kijaluo hazitamsaidia mbele ya ofisa yeyote. Kinachoweza kumsaidia ni utaratibu. Alilipa kwa nani, na stakabadhi iko wapi? Vifaa vilichukuliwa kwa hati, au kwa amri ya mahakama, au kwa mdomo tu? Dola inayodai maji ni yake inadaiwa pia kufuata sheria yake ndani ya maji hayo. Kama hakuna karatasi hata moja, hapo pana kesi.

Njia inayomaliza mengi haraka ni viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, wa pande mbili kukutana. Wanajuana, na mara nyingi wanajua vifaa viko stoo gani. Udhaifu wake ni kwamba haiachi maandishi, na kesho boti nyingine inakamatwa vilevile. Kwa hiyo aende pia kwa ofisa uvuvi wa wilaya, na barua ifike kwa ubalozi wetu katika nchi hiyo. Akikamatwa tena, au akikamatwa jirani yake, aombe ubalozi ujulishwe papo hapo; Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mambo ya kibalozi unaitambua haki hiyo kwa mgeni aliyezuiliwa.

Na amwone wakili ana kwa ana, si kwa simu na si kwangu. Mkazi yeyote wa nchi wanachama anaweza kufungua shauri kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, akilalamikia kitendo cha dola kinachovunja mkataba, lakini muda uliowekwa ni miezi miwili tangu kitendo kifanyike au mlalamikaji akijue, na mahakama hiyo imekuwa kali kwenye hesabu ya siku. Umeniandikia "mwezi uliopita." Mpigie baba mdogo leo, akutajie tarehe.